Baragumu Lililotunzwa

Atakayeisoma hadithi hii asidhani nimeitia chumvi. Chumvi ilikuwamo tangu mwanzo, na aliyeitia ni Fisi mwenyewe.

Mwaka ule mvua iliipita Mikwamba kama mgeni asiyetaka kusalimia. Masika hayakuja, vuli nayo haikuja. Bwawa likawa tope, tope likawa vumbi, na shule ya wanyama iliyokuwa kando ya bwawa ikabaki na mtungi mmoja wa maji kwa wanafunzi tisini. Wazazi wakaitisha mkutano. Wakakubaliana kwamba dawa ni kisima, na wanaojua kuchimba kisima kirefu ni tembo watatu wa nyanda za juu. Wajumbe wakatumwa huko, na jibu likarudi fupi: "Tuko tayari, lakini hatuchimbi na njaa. Chakula kwanza."

Hakuna aliyenung'unika. Hakuna aliyemjibu tembo kwamba kuchimba ni kipaji alichojaliwa na Mungu, hivyo achimbe kwa mapenzi. Tembo ana miguu minne mizito, na mbele ya miguu ya namna hiyo wanyama wote huwa waungwana.

Ili kupata chakula hicho wakaamua shule itoe mchezo wa kuigiza, na kila atakayekuja kutazama alete kibaba cha nafaka mlangoni. Mchezo ulikuwa wa mfalme aliyeleta mvua. Simba akasema nafasi ya mfalme ni yake, na hakuna aliyekuwa na maoni tofauti. Mchwa wakapewa kujenga jukwaa, Mnana, ndege fundi wa kufuma, akapewa kushona maleba ya waigizaji, na kila mmoja akatajiwa ujira wake papo hapo. Ukabaki muziki.

Mikwamba ilikuwa na wapiga ala watatu tu: Chura wa ngoma, Nyenje wa zeze na Hondohondo wa baragumu. Bila baragumu mfalme haingii jukwaani, bila ngoma hakuna radi, na bila zeze hakuna mvua. Wazazi wakachanga mtama, wakajaza kikapu kimoja mpaka kikafanya kilima juu, wakasema, "Huu ni ujira wa wapiga ala. Wapewe siku ya kwanza ya mazoezi."

Hondohondo alikuwa amekaa nyuma kabisa siku hiyo. Alipokiona kile kikapu, moyo wake ulitulia kwa mara ya kwanza tangu bwawa likauke. Sababu yake ilikuwa nyumbani. Ndege wa kabila lake wana desturi: wakati wa kutaga, mke huingia katika tundu la mti, mlango ukazibwa kwa udongo mpaka ukabaki ufa mwembamba, na mume humlisha kwa ufa huo hadi makinda wakue. Mume asipoleta, ndani hawali. Hondohondo alikuwa na mke na makinda wawili ndani ya mgunga mmoja mkavu, na siku hizo alizunguka kutwa nzima kutafuta panzi watatu.

"Kikapu nitakitunza mimi," akasema Fisi, mwenyekiti wa kamati ya mchezo.

Utauliza ni nani aliyempa Fisi uenyekiti. Alijipa. Alisimama kabla wengine hawajasimama, akashukuru kwa kuchaguliwa, na wavivu wakapiga makofi. Wenyeviti wengi hupatikana hivyo hivyo.

Yaliyofuata Hondohondo alikuja kuyajua baadaye, lakini wewe yajue sasa. Fisi alikipeleka kikapu nyumbani kwake. Siku ya kwanza akauonja mtama, ili ajue kama umeingiwa na wadudu. Siku ya pili akauonja tena, kuhakikisha jibu la jana. Siku ya tatu hakuhitaji sababu. Kama utasema fisi hali mtama, basi humjui Fisi. Anakula mfupa, anakula kiatu, anakula na kamba iliyomfunga mbuzi. Mtama umekosa nini? Jioni ya siku ya nne vilibaki vibaba viwili, na mazoezi yalikuwa yaanze asubuhi yake.

Ndipo Sungura alipopita, akamkuta amekumbatia kikapu, masharubu yamejaa makapi.

"Hodi, mwenyekiti," akasema. "Naona unautunza mtama wa watu."

Fisi akajifuta mdomo. "Ndugu yangu Sungura, nisitiri. Kesho nitawapa nini wale?"

"Umebaki kiasi gani?"

"Vibaba viwili."

"Nipe kimoja."

Fisi akampa kama anayetoa figo. Sungura akaufunga mtama wake vizuri, kisha akasema, "Sasa sikiliza. Kuanzia leo neno kulipa lisikutoke mdomoni. Sema kutunza. Si wazee walisema mcheza kwao hutunzwa? Mpiga ala akisikia atatunzwa, atafikiria zawadi. Wewe moyoni mwako fikiria mtoto mchanga anavyotunzwa: akae kivulini, apewe maji, apigwepigwe mgongoni. Neno ni moja, maana mbili, na hiyo ya pili haina gharama."

"Na kikapu wakitaka kukiona?"

"Jaza mchanga, halafu juu tandaza hicho kibaba kilichobaki."

Fisi alijaza mchanga kama alivyoambiwa. Lakini kile kibaba alikila njiani akienda kuuchota, kwa hiyo juu akatandaza makapi.

Asubuhi akafika chini ya mgunga, amevaa kofia yake ya uenyekiti. "Hondohondo, bwana mkubwa! Baragumu lako ndilo mchezo wenyewe. Sisi wengine tunapiga makelele tu. Njoo upige nyumbani kwenu, na mcheza kwao hutunzwa. Nami nakuahidi mbele ya mti huu, mtatunzwa!"

Hondohondo alikuwa fundi wa baragumu na mjinga wa maneno. Wapiga ala wengi wako hivyo; sikio limeshiba sauti, halibaki na nafasi ya kupima ahadi. Alifurahi, akaruka juu na chini ya tawi, na Fisi alipoondoka akamkimbilia mkewe kwenye ufa.

"Umeleta nini?" mkewe akauliza. Ndiyo iliyokuwa salamu yao siku hizo.

"Habari njema!"

"Habari njema hailiki. Umeleta nini, Baba Makinda?"

"Panzi mmoja. Lakini sikia: Fisi amesema mcheza kwao hutunzwa."

"Amesema hutunzwa au hulipwa?"

"Si mamoja?"

"Mimi nimo humu gizani siku ya ishirini. Anayetazama dunia kwa ufa hukitazama kitu kimoja kimoja. Neno hilo nimeligeuza na sijalipenda," akasema mkewe. "Ila nenda. Tuna njaa."

Mazoezi yakaanza. Yalianza alfajiri na kumalizika jua la utosi, saa zile zile ambazo panzi hupatikana. Simba alitaka baragumu limwingize jukwaani, na kila alipoingia aliona hakuingia vya kutosha.

"Rudia," alisema. "Mara hii refusha. Bado hujanifikisha."

Hondohondo alirudia mara ishirini, mara thelathini, mpaka mdomo ukamfa ganzi. Chura alipiga radi huku ngozi yake mwenyewe imepasuka kuliko ya ngoma. Nyenje alikwaruza mvua ya zeze katika nchi ambayo hata umande ulikuwa umeisahau. Kila jua lilipofika utosini, sufuria la uji lililetwa. Wakala waigizaji, wakala Mchwa, akala Mnana na wasaidizi wake. Wapiga ala walipokaribia, Fisi aliwainulia mkono.

"Subirini kidogo, mabwana. Ninyi mnakula kwa roho."

Kisha akawaketisha chini ya kichaka, akawapa kikombe kimoja cha maji wanywe watatu, akawapiga mgongoni mmoja mmoja. "Hongereni! Mtajulikana mpaka nyanda za juu!"

"Kujulikana kunachemshwa na chumvi au bila?" Nyenje aliuliza siku ya tano, kwa sauti ndogo.

"Ninyi ni wa nyumbani," Fisi akamjibu. "Nyumbani hatulipani."

Waigizaji waliyasikia hayo yote, wakalamba vikombe vyao. Siwasemi kwa ubaya. Nawasema tu.

Ikawa hivyo siku kumi na mbili. Kila mchana Hondohondo aliruka kwenda nyumbani, akazunguka vichakani wakati panzi wameshajificha, akafika kwenye ufa na mbegu mbili, au mende, au bila kitu. "Umeleta nini?" "Wamesema kesho." Mwanzoni mkewe alimkaripia, kisha akaacha kumkaripia, na hilo lilimwuma zaidi.

Siku ya kumi na mbili, kesho yake ikiwa ndiyo siku ya mchezo, Hondohondo alisimama mbele ya wote. "Mwenyekiti," akasema, "kwa heshima zote, tunaomba ule mtunzo wetu."

Fisi akafungua macho kwa mshangao mkubwa. Kuigiza alijua kuliko waigizaji wote. "Mtunzo gani tena? Kwani sijawatunza? Nani aliyewapa kivuli? Nani aliyewapa maji kila siku, wakati huu wa ukame? Nani aliyewapiga mgongoni akawapa hongera? Huko ndiko kutunzwa, ndugu zangu! Au mlitaka niwabebe mgongoni?"

Waigizaji wakacheka. Fisi akapata nguvu. "Na isitoshe, mwenzetu, wewe unapuliza hewa. Mchwa wametoa udongo, Mnana ametoa nyuzi. Hewa ilikuwa ya kwako? Haya ni ya watoto wa shule. Huna huruma na watoto?"

"Nina watoto," Hondohondo akasema.

"Basi wewe ndiye ungeelewa kuliko wote!"

Wakacheka tena. Simba alikuwa anajipimia taji la karatasi, hakusikia. Hondohondo alikaa chini. Aliona aibu, na baada ya aibu akaona hasira kwamba ndiye aliyeona aibu wakati mwongo alikuwa anapunga upepo.

Alipofika nyumbani hakuulizwa ameleta nini. "Mdogo amenyamaza tangu adhuhuri," mkewe akasema. "Mkubwa bado analia. Mdogo hafungui mdomo."

Hondohondo akaegemeza kichwa kwenye udongo wa mlango. Akasimulia yote: kivuli, kikombe, mgongo, hewa. Kisha akasema, "Kesho siendi. Wapige wenyewe kwa midomo yao."

"Usipokwenda," akasema mkewe, "watasema wapiga ala wamewanyima watoto kisima. Fisi atapata wa kumsingizia, na kikapu kitasahauliwa. Nenda."

"Nikapige bure tena?"

"Nani amekwambia upige? Fisi alikwambia nini maana ya kutunza? Nitajie tena, polepole."

Akamtajia: kukaa kivulini, kupewa maji, kupigwa mgongoni, kuambiwa hongera.

"Vizuri. Kesho mfanye alitamke neno lake mbele ya watu wote, alitamke kwa mdomo wake na kwa sauti. Halafu litunze baragumu lako kama yeye alivyokutunza wewe. Usipunguze, usiongeze." Kisha ndani ya ule mti mkavu kikasikika kicheko kidogo cha ukali. "Neno lake lina milango miwili. Yeye kapita wa nyuma. Pita huo huo, mkakutane ndani."

Hondohondo aliondoka kabla jua halijazama, akapita kwa Chura na kwa Nyenje. Hawakuhitaji kuelezwa mara mbili.

Siku ya mchezo Mikwamba ilijaa. Wanyama walikuja na vibaba vyao kutoka pande zote, nafaka ikarundikwa mlangoni, na tembo watatu wa nyanda za juu wakaketi nyuma ili wasimzibe mtu. Wapiga ala walikaa mahali pao kando ya jukwaa. Nyuma ya pazia Simba alikuwa amesimama na taji lake, kifua mbele, akingoja kutangazwa.

Fisi akapanda jukwaani. Alimshukuru kila mtu kidogo na yeye mwenyewe sana. Alipokuwa anameza mate ili aendelee, Hondohondo akainuka.

"Mwenyekiti, samahani. Wageni hawa wangependa kujua. Sisi wapiga ala tumetunzwa?"

Fisi hakuamini bahati yake. "Wametunzwa!" akapaza sauti. "Wametunzwa kuliko wapiga ala wa nchi yoyote! Na kesho wakiulizwa, watasema!"

"Na ala zetu leo tuzifanye vivyo hivyo?"

"Vivyo hivyo! Zitunzeni kama sisi tulivyowatunza ninyi! Makofi kwao!"

Watu wakapiga makofi. Sungura, aliyekuwa mstari wa mbele, hakupiga. Alilisikia lile neno likirudi, akalijua kama mtu anavyomjua paka wake aliyemtupa mbali. Akainuka, akapangusa vumbi mkiani, akaenda kusimama karibu na njia ya kutokea.

Hondohondo akalichukua baragumu. Badala ya kulipeleka mdomoni, akalibeba taratibu mpaka kichakani, akalitandikia jani, akalilaza kivulini. Akaleta kikombe cha maji, akakiweka pembeni yake. Kisha akaligonga mgongoni mara tatu.

"Hongera, baragumu," akasema kwa sauti ya kusikika na wote. "Utajulikana mpaka nyanda za juu."

Chura akaiviringisha ngoma yake mpaka kivulini, akaipapasa. "Wewe ni wa nyumbani, ngoma. Nyumbani hatulipani."

Nyenje akalilaza zeze. "Subiri kidogo, zeze. Wewe unakula kwa roho."

Wanafunzi wa shule walicheka, wakidhani mchezo umeanza. Lakini waigizaji waliyatambua yale maneno. Walikuwa wameyasikia siku kumi na mbili mfululizo, na sasa wakawa wanatazama kucha zao.

"Mbona sisikii baragumu?" sauti nzito ikauliza nyuma ya pazia.

"Pigeni!" Fisi akanong'ona, meno nje. "Mnangoja nini? Pigeni!"

"Tunatunza, mwenyekiti," akasema Hondohondo.

"Mimi siingii mahali bila kutangazwa," sauti ikasema. "Mimi si mbuzi."

Fisi akatokwa na jasho. Alitazama huku, akatazama kule, mwishowe akaruka kichakani, akalinyakua baragumu na kulipuliza mwenyewe. Alikuwa amesema ni hewa tu. Hewa ilitoka, kweli, lakini ilitoka na mlio ambao mtu mwenye adabu huutoa akiwa peke yake. Hadhira ikalipuka kwa kicheko. Pazia likararuliwa, na Simba akatoka, taji limeangukia sikio moja.

"Nani amenitangaza hivyo?"

Kicheko kikakatika. Hondohondo akasogea mbele. "Mfalme, si sisi. Tumeamriwa mbele ya watu wote tuzitunze ala kama sisi tulivyotunzwa. Hivyo ulivyoona ndivyo tulivyotunzwa kwa siku kumi na mbili. Kivuli, kikombe kimoja, na kupigwa mgongoni."

"Na kile kikapu tulichochanga?" mzazi mmoja akaita. Wengine nao wakakumbuka, maana kumbukumbu ya wengi huamka kwa kelele. "Kikapu kiko wapi?"

"Kipo!" akasema Fisi. "Nimekitunza! Nilitaka kuwapa mwisho wa mchezo, iwe furaha ya ghafla!"

Kikaletwa. Kilikuwa kimejaa, na juu kimefanya kilima kama siku ile. Wazazi wakashusha pumzi. Hata Hondohondo, Mungu amsamehe, kwa kitambo kidogo alidhani amemsingizia mtu.

"Basi wape," akasema Simba.

"Baada ya mchezo, mfalme. Mkono wa kupokea haupigi ngoma vizuri."

Tembo mkubwa akanyoosha mkonga kutoka nyuma, akakiinua kikapu. Akakipima juu na chini. "Sisi ni wachimbaji," akasema. "Uzito huu tunaujua, na si wa mtama." Akapuliza mara moja. Makapi yakaruka kama nzi, yakaangukia mstari mzima wa mbele, na ndani ya kikapu ukabaki mchanga mweupe, safi, ambao hata ungeupika wiki nzima ungebaki mchanga.

Chura akaruka mpaka ukingoni mwa jukwaa. "Mwenyekiti," akasema, "ulisema sisi tunatoa hewa. Hewa yetu angalau inasikika. Hii ya kwako tuifanyeje?"

"Si mimi!" Fisi akalia. "Sungura ndiye aliyenifundisha! Muulizeni!"

Wote wakageuka. Sungura alikuwa tayari amekwisha toa mguu mmoja nje. "Mimi nilimpa neno tu," akasema. "Neno halina makapi." Mguu wa pili ukafuata. Sungura ni sungura, na mpaka leo kile kibaba hajakirudisha.

Tembo mkubwa akakitua kikapu. "Wenyeji wetu," akasema, "kama huyu ndiye mnayempa chakula cha wafanyakazi akiweke, sisi tunarudi kwetu. Leo ni wapiga ala. Kesho kutwa ni wachimba kisima."

Hapo ndipo Mikwamba ilipoogopa. Mpaka dakika hiyo walikuwa wanamwonea Hondohondo huruma, na huruma haina gharama. Sasa waliona kisima kikiondoka kwa miguu kumi na miwili. Ghafla kila mmoja akakumbuka kwamba siku zote alikuwa anawapenda sana wapiga ala.

Simba naye alikuwa na lake. Alikuwa amesimama mbele ya umati mzima bila kutangazwa, taji limelegea, kwa sababu ya tumbo la mtu mwingine. Kiburi chake kilimwuma kuliko haki, lakini safari hii kiburi na haki vilielekea njia moja. "Fungueni ghala la Fisi," akanguruma. "Wapiga ala walipwe humo, sasa hivi, kabla ya pumzi ya kwanza. Kisha baragumu lipigwe."

Wakaenda. Katika pango la Fisi wakakuta nyama kavu, mifupa ya kila umri, vikombe sita vya shule, na gunia la kunde alilolificha tangu mwaka juzi. Fisi alilia alipoona linafunguliwa, na kilikuwa kilio cha kweli, pengine cha kwanza maishani mwake.

Chura akapewa fungu lake, Nyenje akapewa lake. Hondohondo hakungoja lake lifungwe. Alijaza mdomo wake wote kunde, akaruka juu ya vichwa vya watu, akaenda zake.

Mchezo ukasimama. Umati ukangoja juani, tembo wakangoja, na mfalme wa Mikwamba, aliyeapa haingii mahali bila kutangazwa, akasimama nyuma ya pazia lililoraruka akimngoja mpiga baragumu amlishe mkewe.

"Umeleta nini?" sauti ikauliza ndani ya mgunga. Ilikuwa imefifia.

"Kunde," akasema Hondohondo.

Akazipitisha kwenye ufa, moja moja, na alisikia mkewe akizitafuna na kuzilainisha. Kinda mkubwa akapiga kelele. Kisha kukawa kimya kirefu mno. Hondohondo akasikiliza kwa lile sikio lake lililosikiliza muziki maisha yake yote, na halikuwahi kusikiliza hivyo. Mwishowe, chini ya kelele za mkubwa, akasikia mlio mwembamba, wa hasira, wa mtu anayeuliza kwa nini mwenzake amepewa zaidi.

"Kafungua mdomo," mkewe akasema. "Haya, rudi kazini. Sasa ni kazi."

Wazee waliokuwapo wanasema baragumu halijapigwa vile Mikwamba, kabla wala baada. Simba aliingia akiwa mrefu kuliko alivyozaliwa. Radi ya Chura iliwafanya wanafunzi waangalie juu, na mvua ya zeze la Nyenje iliwafanya wengine wainue mikono kufunika vichwa. Wenye vibaba waliridhika. Tembo walikula, wakachimba, na siku ya tisa maji yakatoka.

Fisi alivuliwa kofia. Hukumu yake ilikuwa kuleta chakula penye ufa ule kila alfajiri mpaka makinda waruke, kwa kuwa alikula kilichokuwa chao. Tundu lilikuwa juu kidogo ya kimo chake, ikabidi asimame kwa miguu ya nyuma, mikono imekumbatia mti, mdomo umejaa kunde asizoruhusiwa kumeza. Mate yalimtiririka mpaka magotini. Wanafunzi walipita njia hiyo makusudi wakienda shule.

"Umeleta nini?" ndani kuliulizwa kila siku, na kila siku kunde zilihesabiwa kwa ncha ya mdomo wa mama. Zikipungua, ile ncha ilitoka kwenye ufa na kumdonoa puani. Wanaosema pua ya fisi ilikuwa nyeusi tangu kuzaliwa hawakuwapo.

Asubuhi moja alikuja mikono mitupu. Akasimama kwa miguu miwili, akasafisha koo, akatoa ile sauti yake ya mkutano. "Shemeji," akasema, "leo nimekuja kuwatunza."

"Neno hilo hapa halipiti," akajibiwa. "Ufa ni mwembamba."

Na ile ncha ikatoka. Mla cha mwenzie na chake huliwa.